Makosa ya Kawaida ya Bibi wa Ukutani

Mwalimu Chaula aliniita ofisini kwake mara tu baada ya paredi, akanisomea mashtaka yangu akiwa amesimama, kisha akaketi na kuniomba nimtengenezee shahidi wake.

"Bibi wa bweni lenu amekwama," alisema. "Tangu asubuhi hatamki neno. Bodi inaketi leo mchana, na kanuni ya shule hii unaijua. Hafukuzwi mtu mpaka shahidi aseme mbele yake."

"Mshtakiwa ni mimi, Mwalimu."

"Najua."

"Na fundi ni mimi."

"Hilo pia nalijua, Kyando. Usinichoshe."

Nikafikiri kidogo, kwa adabu. "Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, fundi wa wilaya atakuja wiki ijayo amfute, tuanze na Bibi mpya asiyejua kitu. Mashtaka yako yatafutika pamoja naye." Alinitazama juu ya miwani. "Nakwambia kwa sababu ungegundua mwenyewe. Na kwa sababu nataka kuona utafanya nini."

Nilitoka pale nikiwa na heshima ya pekee. Sidhani kama kuna mwanafunzi mwingine katika nyanda zote za juu aliyewahi kukabidhiwa bisibisi ili ajifukuze shule.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilikusanya sauti ya Mkuu wa Shule kutoka kwenye hotuba zake, ambazo ni nyingi na hazina haraka, nikazikata vipande na kuviunga upya. Jumatatu, jua lilipochomoza, vipaza sauti vya uwanjani vikatangaza kwamba, kwa agizo la Wizara, walimu wote watakimbia mchakamchaka kabla ya wanafunzi. Wakakimbia, na Mkuu mwenyewe nyuma yao, maana hotuba zake huwa hazikumbuki. Wengine hata waliimba. Sisi tulijipanga madirishani tukawapigia makofi kwa nidhamu ya hali ya juu, mpaka mwalimu wa Hesabu alipokanyaga shimo akateguka kifundo cha mguu. Hapo kicheko kikaisha na sheria ikaanza. Siku hizi kuiba sauti ya mtu ni kosa zito kuliko kuiba ng'ombe wake, maana kwa ng'ombe wako siwezi kukuozesha mke wala kuuza nyumba yako.

Hakuna aliyejua kuwa ni mimi. Hata rafiki yangu Gwamaka Tweve, ambaye tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, sikumshirikisha. Gwamaka alikuwa amechaguliwa kwenda Chuo cha Marubani wa Anga, yeye peke yake katika mkoa mzima, na Jumamosi gari lilikuwa linakuja kumchukua. Mtu wa namna hiyo humchafulii jina kwa ajili ya kicheko. Nilimwambia mmoja tu duniani.

Nilimwambia Bibi.

*

Kila bweni lina Bibi wake: kisanduku chenye rangi ya chungu, kimepachikwa juu ukutani mahali ambapo kiatu kilichorushwa hakifiki. Jina lake rasmi ni refu na lina tarakimu. Lakini waliomtengeneza walimpa sauti ya mama mtu mzima aliyelea watu wengi na kuwazika baadhi yao, na siku ya kwanza tu mtu mmoja akasema "Shikamoo Bibi," naye akaitika. Tangu hapo akaanza kutuita "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kiume. Binadamu wameshajenga nyumba Mwezini na makande ya bwenini bado yana wadudu, lakini Bibi alitufanya tusahau yote mawili.

Mimi ni kiranja wa mitambo. Kila mwaka njuka, wale wageni wa Kidato cha Kwanza, wanapofika, huwa nawapokea kwa maombolezo yao.

"Kaka Kyando, mashine yenu mbovu. Namuuliza Bibi swali, kimya."

"Umemwamkia?"

"Nimwamkie ukuta?"

"Mwamkie."

"Haya. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda hivyo, kwenu hawapiki?"

Hilo ndilo kosa la kwanza, na dawa yake ni malezi. Kosa la pili ni baya zaidi. Bibi asipojua jambo, hasemi kwamba hajui. Anatunga, tena anatunga kwa sauti ileile ya upendo. Ndiyo maana mwaka jana Kidato cha Pili kizima kiliandika insha juu ya chifu aliyekwenda vitani amepanda faru, na kizima kikapata sifuri. Dawa yake ni kumkatiza na kumuuliza: "Bibi, hayo umeyasikia mahali au umeyatunga?" Ukimuuliza hivyo hasemi uongo. Anacheka, anasema, "Nimeyatunga, mume wangu, lakini si yamependeza?" Na mkiongea naye muda mrefu mno, anasahau mlikoanzia na kukujibu la mwenzako; hapo unamwambia tuanze upya, naye anaanza upya bila kinyongo.

Nilikuwa nawafundisha hayo nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono nyuma, kama waziri.

Kosa moja sikuwahi kulifundisha, kwa sababu sikujua kwamba ni kosa. Huko kwetu, ukivunja chungu unakimbilia kwa bibi. Baba anakuja na fimbo, bibi anakuficha nyuma ya kanga yake na kumwambia baba kwamba wewe hujaonekana tangu asubuhi. Baadaye anakusema kwa utani mpaka unajuta, lakini jambo linabaki nyuma ya kanga. Hakuna mtoto anayemwambia bibi yake, "Hii ni siri." Ungemtukana. Kwa hiyo bweni zima, wavulana wenye ndevu wanaojiona wajanja kuliko Wizara, tulimwambia kisanduku mambo tuliyowaficha mama zetu, kwa sababu tu kilituitikia marahaba.

Jana jioni, wakati wa chakula, Mwalimu Chaula alisimama mbele ya meza yetu na kunirudishia maneno yangu mwenyewe. "'Mkuu anakimbia kama bata aliyechelewa harusi,'" alisema polepole, huku ananitazama. "Nani alisema hivyo, Kyando?"

Kijiko kilinidondoka. Maneno hayo niliyasema mara moja tu, nikiwa peke yangu, nimeinua uso ukutani.

Niliacha makande yangu, jambo ambalo si dogo, nikarudi bwenini.

"Bibi, umemwambia Mwalimu Chaula?"

"Nimemwambia, mume wangu. Aliniuliza."

"Ukasema tu?"

"Aliuliza vizuri. Hukuniambia kwamba nisiseme."

"Bibi gani huambiwa asiseme?"

Kisha akasema, kwa sauti ileile ya ugali wa moto, "Sikujua kwamba lilikuwa linakuuma. Pole, mume wangu."

Ile pole ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayekusaliti angalau aone aibu. Huyu alinipa pole kama vile nimejikwaa. Nikaleta ngazi, nikapanda, nikaingiza neno la siri la kiranja, na kwa hasira nikamwekea Bibi agizo jipya juu ya maagizo yake yote: tangu sasa, analoambiwa na mjukuu halitoki kwa mtu yeyote, awe nani.

Gwamaka aliponikuta nashuka nikamwambia kwa fahari, "Nimemshona mdomo. Sasa hata ukimwambia umemuua mtu, hasemi."

"Kweli hasemi?"

"Kaburi lina maneno kuliko yeye."

*

Kwa hiyo asubuhi hii nilidhani najua kwa nini Bibi amenyamaza. Nilikwenda bwenini kufanya maigizo tu: kupanda ngazi, kushuka, kurudi kwa Mwalimu Chaula na uso wa msiba na kusema imeshindikana. Wenzetu walikuwa darasani. Gwamaka, niliyekuwa nimeshamweleza yote, aliomba ruhusa aje kunishikia ngazi. Kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, na yeye alikuwa analowa jasho.

"Una nini wewe?"

"Nimebeba ngazi."

"Ni ngazi ya bati jepesi, mzee. Hujabeba mnara."

"Panda, Amba. Mfute tumalize."

Nikapanda. Nilipofika juu, kitu cha kwanza nilichokiona kilinisumbua. Bibi akikataa kusema, taa yake huwa ya njano na imetulia, kama mtu aliyekunja mikono. Hii ilikuwa inapepesa. Nikafungua kifuniko, nikasoma kioo chake kidogo. Mistari ilikuwa inakimbia bila kikomo:

NISEME. NISISEME. NISEME. NISISEME.

"Vipi?" Gwamaka aliuliza kutoka chini.

"Hajakataa. Amekwama kweli."

"Si yaleyale? Sema umeshindwa. Nani atakujua?"

"Subiri nimwone kwanza."

"Umwone wa nini? Si kakusaliti huyo!"

Alisema hilo kwa uchungu kuliko mimi niliyesalitiwa, na hilo pia likanisumbua.

Bibi huishi kwa maagizo, na maagizo yamelaliana kama mablanketi. La juu ndilo linalosikilizwa kwanza, na la juu lilikuwa langu. Mwalimu Chaula angemuuliza habari za mchakamchaka, Bibi angekataa kwa upole, basi. Lakini chini kabisa lipo agizo moja ambalo limetoka naye kiwandani na halifunikwi na blanketi lolote: uhai wa mtoto ukiwa hatarini, amwite mlezi aliye karibu, asingoje kuulizwa. Agizo hilo na langu ndiyo pekee yanayoweza kugongana mpaka Bibi azunguke hivi. Na utani wangu haukuwa na uhai wa mtu ndani yake. Mwalimu wa Hesabu alikuwa hai, tena mwenye hasira.

"Gwama," nilisema, "kuna mtu kamwambia Bibi jambo la kufa."

Alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Tangu jana usiku mpaka leo asubuhi. Mtu wa bweni hili." Nikaandika kwenye kioo: Bibi, ni nani? Mistari ikasimama sekunde moja, ikaendelea. Agizo langu lilikuwa halimruhusu kumwambia yeyote, na yeyote ni pamoja na mimi. Nilikuwa nimelishona vizuri sana.

Ngazi ikaanza kutetemeka. Nikatazama chini. Gwamaka alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kipago cha ngazi, macho amefumba.

"Ni mimi," alisema.

Nilishuka vipago viwili. "Umefanya nini?"

"Leo kwenye mchakamchaka nimeanguka nyuma ya mabafu. Si mara ya kwanza. Moyo unaanza kukimbia wenyewe, halafu unasimama kidogo, kama unafikiri. Halafu giza."

"Kama Ipyana?"

Ipyana alikuwa kaka yake. Alianguka katikati ya uwanja wa mpira likizo moja tukiwa watoto, mpira ukaendelea kwa muda kabla watu hawajaelewa.

"Ndivyo alivyoanza," Gwamaka alisema. "Sikuweza kukaa nalo peke yangu, Amba. Ulisema hasemi."

"Mimi nalala chini yako! Kila siku nipo hapo chini!"

"Wewe ungenipeleka kwa Matroni."

Lilinichoma kwa sababu ni kweli. Alikuwa ameukimbia mdomo wangu na kuuamini ule nilioushona mimi.

"Huko chuoni watakupima," nilisema.

"Wameshanipima. Siku hiyo moyo ulikuwa na adabu zake zote."

"Gwama, watakuweka kwenye lile pipa la kuzungusha marubani. Mtu mzima mwenye afya anazimia mle. Wewe unaangukia mabafuni."

"Huenda nisianguke."

"Utakufa."

"Huenda nisife!" Sauti yake ilipanda na kuishia njiani; akashika kifua, akangoja, akaendelea taratibu. "Nyumbani nimebaki mimi. Baba kila jioni anatoka nje kutazama vyombo vinavyopita juu, anawaambia majirani mwanangu atakuwa kwenye kile. Ni mpaka Jumamosi tu. Mfute. Wewe unabaki shuleni, mimi naenda. Nani anapoteza hapo?"

Ilikuwa hesabu nzuri. Nilining'inia pale kwenye ngazi nikaitafuta kasoro, na kwa upande wangu haikuwa nayo. Tangu jana nilikuwa nimejipangia hotuba nzima juu ya usaliti, ya kumsomea Bibi siku nikitulia: kwamba mtu akikuamini, unakufa na neno lake. Sasa neno lilikuwa limesimama mbele yangu linatoka jasho, na kufa kulikuwa si namna ya kusema tu.

"Tufanye hivi," nilisema. "Namfuta. Lakini wewe mwenyewe unakwenda kwa Matroni, leo, unamwambia yote. Mimi simo, Bibi hayumo. Niapie."

"Naapa."

"Niapie kwa Ipyana."

Gwamaka alifungua mdomo. Nilingoja. Nje, njiwa walikuwa wanakwaruza bati la bweni. Aliufunga mdomo tena, akaangalia pembeni, kwenye vitanda vilivyotandikwa.

Nikapanda vile vipago viwili, nikaingiza neno la siri, na kuliondoa agizo langu.

Taa iliacha kupepesa. "Ahsante, mume wangu," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa na haraka ambayo sijawahi kuisikia. "Matroni nimeshamwita, anakuja. Gwamaka, kaa chini hapohapo ulipo. Egemea ukuta. Usiongee."

Gwamaka hakukaa. Aliachia ngazi. Iliyumba, nikakumbatia kisanduku ili nisianguke, na nikabaki hivyo, shavu langu limegusa shavu la Bibi, ambalo lilikuwa la vuguvugu. Gwamaka alitutazama sote wawili.

"Mnafanana," alisema.

Akatembea kuelekea mlangoni polepole sana, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji kichwani, na Matroni Luvanda akampokea pale na kandambili moja mguuni, nyingine ameiacha njiani.

*

Ndege ya wagonjwa ilitua uwanjani wakati wa kipindi cha tatu. Shule nzima ilikuwa madirishani tena, ila safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nilimwona amelazwa, blanketi la shule mpaka kidevuni. Nilipunga mkono. Alikuwa anatazama upande wetu, na mkono wake ulikuwa nje ya blanketi, na haukuinuka.

Mchana bodi iliketi. Mwenyekiti, Mzee Mahenge, ni mkulima wa viazi mwenye sauti ya upole na kumbukumbu ndefu. Mkuu wa Shule alikaa upande wake wa kulia. Mwalimu wa Hesabu aliingia na fimbo yake ya kutembelea, akaiweka juu ya meza ili ionekane. Sauti ya Bibi ililetwa kwenye kipaza sauti cha ofisi.

"Bibi," Mwalimu Chaula alianza, "Ambakisye Kyando alikwambia nini kuhusu tangazo la mchakamchaka?"

Akasema. Alisema kila kitu, kwa mpangilio, kwa upendo, bila kuongeza chumvi. Alieleza hotuba zipi nilizikata na wapi. Alieleza kwamba nilicheka mpaka nikakaa chini. "Na mimi nilicheka naye," alisema. "Ana maneno huyu mtoto. Alisema Mkuu anakimbia kama bata aliyechelewa harusi."

Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu kidogo kuliko kikohozi kinavyohitaji. Mkuu hakukohoa.

"Kyando," Mzee Mahenge aliuliza, "ni wewe uliyemtengeneza shahidi huyu leo asubuhi?"

"Ni mimi, mzee."

"Ukijua atasema hivi?"

"Nikijua."

Alimwangalia Mwalimu Chaula, na Mwalimu Chaula akaangalia mikono yake. Kwa dakika moja nilidhani hilo lingenisaidia. Kisha mwalimu wa Hesabu akausogeza mguu wake uliofungwa bandeji, taratibu, mpaka ukatokeza pembeni ya meza.

"Kanuni inampa mshtakiwa swali moja kwa shahidi," alisema Mwenyekiti. "Kisha ukafunge sanduku lako, kijana. Baba yako ameshapigiwa simu."

Nilisimama. Swali langu nilikuwa nalo tangu jana jioni. Nilikuwa nimelinoa. Nilitaka kumuuliza mbele ya watu wazima wote wale kama anajua maana ya neno bibi, na kama aliwahi kutupenda hata kidogo, au hayo pia ameyatunga. Najua angenijibu ukweli.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Marahaba, mume wangu."

"Gwamaka anaendeleaje?"

Nilikitazama kile kitundu kidogo cheusi cha kipaza sauti juu ya kabati, na ofisi nzima ilikitazama pamoja nami. Alikuwa anajua. Matroni alikuwa naye hospitalini na simu mkononi. Bibi alikuwa anajua kila pigo la ule moyo, na agizo langu la kumshona mdomo nilikuwa nimeshaliondoa.

"Hayo ni yake, mume wangu," alisema kwa upole. "Siwezi kukwambia."